Bredibodi, uigaji wa kompyuta, FPGA au bodi ya kutengeneza mwenyewe: njia ipi inamfaa anayejifunza mantiki ya kidijitali Tabora?

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma kitabuni jinsi AND, OR na NOT zinavyofanya kazi hufika mahali ambapo kusoma zaidi hakumsaidii tena, na ni lazima aanze kuunda sakiti zake mwenyewe. Hapo ndipo anapokwama. Mwenzake mmoja atamwambia anunue bredibodi (kibao chenye matundu ya kuchomekea vipuri bila kuchomelea) na IC (sakiti nzima iliyofungwa katika kipuri kimoja chenye miguu), mwingine atamwambia kompyuta inatosha, wa tatu atamsifia FPGA (IC ambayo wewe mwenyewe unaipangia kazi yake), na fundi mzee atamwambia kwamba asiyejua kuchomelea bodi hajui kitu. Nimewafundisha vijana kwa njia zote nne hapa Tabora, na nimeona kila moja ikimfaa mtu na ikimpotezea muda mtu mwingine. Ulinganisho huu unazipima kwa vigezo vilevile, ili msomaji aamue kulingana na hali yake.

Vigezo vitano

Kigezo cha kwanza ni vifaa: vinapatikana mjini hapa, au ni lazima viagizwe Dar es Salaam au nje ya nchi, na kimoja kikiungua mwanafunzi atasubiri siku ngapi. Cha pili ni umeme, kwa maana ya kiasi kinachohitajika na kinachotokea kazi ikiwa katikati umeme unapokatika. Cha tatu, ambacho kwangu ni kizito kuliko vyote, ni aina ya kosa ambalo njia hiyo inamlazimisha mwanafunzi kulitafuta. Maabara haipo kwa ajili ya kuthibitisha kwamba jedwali la kitabuni ni sahihi. Ipo ili mtu ajifunze kugundua kwa nini kitu kilichopaswa kufanya kazi hakifanyi kazi, na kila njia kati ya hizi nne ina makosa yake ambayo njia nyingine huyaficha. Cha nne ni umbali unaobaki kabla mwanafunzi hajaweza kubuni bodi kamili ya sakiti. Cha tano ni mtu ambaye njia hiyo inamfaa.

Zoezi moja kwa njia zote

Ili ulinganisho uwe wa haki, nitatumia zoezi moja kote, nami nimelichukua kutoka stesheni yetu. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Tangu hapo Tabora ni makutano, na makutano ya reli ni mantiki tupu. Uhusiano huo una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu Claude Shannon, katika tasnifu yake ya mwaka 1937 huko MIT, ndiye aliyeonyesha kwamba aljebra ya George Boole inaweza kueleza sakiti za relei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, na relei ndizo zilizoongoza taa za reli kwa miongo mingi.

Zoezi lina swichi nne. Swichi O ni ombi la stesheni masta la kuruhusu treni iondoke. Swichi G ni kigeuza njia: 1 maana yake reli imeelekezwa Mwanza, 0 maana yake Kigoma. Swichi M inasema njia ya Mwanza iko wazi, na K inasema njia ya Kigoma iko wazi. Taa ya kijani ya Mwanza iwake pale tu O, G na M zote zikiwa 1. Taa ya kijani ya Kigoma iwake pale tu O ni 1, G ni 0 na K ni 1. Katika hali nyingine yoyote iwake nyekundu. Swichi nne zinaleta safu 16 katika jedwali, kiasi ambacho mtu anaweza kukijaribu chote kwa mkono bila kuchoka.

Njia ya kwanza: bredibodi na IC za mantiki

Vifaa. Kwa kutumia IC ya 7400, yenye mageti (vipande vya mantiki) manne ya NAND, yaani AND iliyogeuzwa jibu, ya viingizo viwili katika umbo la miguu 14, zoezi letu linahitaji mageti 11, yaani IC tatu, na geti moja linabaki. Rizista, kapasita na taa za LED hupatikana kwa mafundi redio na katika maduka ya vipuri, na nyingine huokotwa kwenye bodi za redio mbovu. IC za mantiki zenyewe kwa kawaida huagizwa Kariakoo na kuja kama kifurushi cha basi, kwa hiyo anayehitaji tatu anunue tano, kwa sababu moja itachomekwa kinyume siku ya kwanza. Ninapendekeza aina ya 74HC, ambayo hufanya kazi kati ya volti 2 na 6, badala ya 74LS, ambayo inataka volti 4.75 hadi 5.25 na haivumilii betri inayoshuka.

Umeme. Chaja ya simu ya volti 5 inatosha kabisa. Umeme ukikatika, pawabenki huchukua nafasi yake, ila pawabenki nyingi hujizima zinapoona mkondo unaotumika ni mdogo mno. Kuongeza taa chache za LED wakati mwingine huzifanya zibaki macho.

Kosa linalofundishwa. Hapa bredibodi haina mpinzani, na ningeomba msomaji asiipite sehemu hii haraka. Kosa la kwanza ni mguu unaoning'inia bila kuunganishwa popote. Katika IC za TTL, familia ya zamani ya IC za volti 5 kama 74LS, kiingizo kisichounganishwa husomeka kama 1. Fikiria maana yake katika zoezi letu: waya wa swichi M ukichomoka, sakiti itaamini kwamba njia ya Mwanza iko wazi na itawasha kijani. Mwanafunzi anayeliona hilo kwa macho yake anaelewa papo hapo kwa nini rizista ya kuvuta kiingizo kwenda sifuri si pambo, na kwa nini sakiti ya usalama hubuniwa ili waya ukikatika iwake nyekundu. Kwa 74HC rizista ya kilo-omu 10 inatosha. Kwa 74LS inahitajika ndogo zaidi, karibu na kilo-omu 1, kwa sababu kiingizo chake chenyewe hutoa mkondo unaopaswa kuvutwa hadi ardhini. Na katika 74HC kiingizo kinachoning'inia hakisomeki 1 wala 0 kwa uhakika, bali huyumba hata kwa kusogeza kidole karibu, ndiyo maana hata lile geti moja lililobaki ni lazima viingizo vyake viunganishwe ama na ardhi ama na chanya.

Kosa la pili ni kurukaruka kwa swichi. Kitufe kinapobonyezwa, vyuma vyake hudunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia. Jicho halioni, lakini kaunta itahesabu mbonyezo mmoja kuwa mitano. Mageti mawili ya NAND yaliyounganishwa kwa mzunguko yakishirikiana na swichi ya njia mbili huliondoa tatizo hilo, na mageti hayohayo mawili ndiyo kumbukumbu ya kwanza ambayo mwanafunzi anaiunda kwa mikono yake.

Kosa la tatu lilinigharimu jioni mbili. Nilinunua IC zilizoelezwa dukani kuwa ni NAND nne za miguu 14, nikazichomeka mahali pa 7400, na nusu ya taa zikafanya kinyume cha jedwali. Zilikuwa 4011. Ni kweli 4011 nayo ina NAND nne, na miguu ya 7 na 14 ni ya umeme vilevile, lakini katika 7400 miguu ya 4 na 5 ni viingizo na mguu wa 6 ni wa kutolea, ilhali katika 4011 miguu ya 5 na 6 ni viingizo na mguu wa 4 ndio wa kutolea. Tangu siku hiyo simruhusu mwanafunzi yeyote achomeke IC kabla ya kuchora miguu yake kwenye daftari kutoka karatasi ya data.

Umbali hadi bodi. Wa kati. Anayejua bredibodi anajua umeme na anajua kuweka kapasita ya nanofaradi 100 karibu na kila IC, lakini hajawahi kupanga njia za shaba. Aidha, kazi ikizidi IC nane au kumi, msitu wa waya humshinda.

Inamfaa nani. Anayeanza kabisa, fundi anayetaka kuingia katika dijitali, na yeyote asiye na kompyuta.

Njia ya pili: uigaji kwenye kompyuta

Vifaa. Kompyuta moja, hata ya zamani, na programu ya bure kama Logisim-evolution, inayohitaji intaneti wakati wa kuipakua tu. Logisim ya awali iliundwa na Carl Burch kwa ajili ya kufundishia, na urithi huo bado unaonekana: waya wenye 1 huwa kijani kibichi, wenye 0 kijani cheusi, na usiounganishwa huwa buluu. Hakuna kinachoungua, na wanafunzi 20 wanaweza kutumia faili moja.

Umeme. Wa kompyuta tu. Umeme ukikatika na betri ya kompyuta ni mbovu, kazi isiyohifadhiwa hupotea, jambo ambalo kwenye bredibodi halipo.

Kosa linalofundishwa. Uigaji hufichua makosa ya fikra. Zoezi la stesheni huchukua dakika kumi, safu zote 16 hujaribiwa moja baada ya nyingine, na mwanafunzi aliyesahau kugeuza G kwa ajili ya Kigoma anaona kosa lake bila kulichanganya na waya uliolegea. Faida kubwa zaidi huonekana kazi inapokua: kaunta ya biti 8, kikokotoo cha kujumlisha, hata kichakataji kidogo, vitu ambavyo kwenye bredibodi vingehitaji wiki nzima na waya mia. Makosa ya umeme, hata hivyo, hayapo humo kabisa. Kitufe cha kwenye kioo hakirukiruki, umeme wake haushuki, na IC yake haijawahi kuwa 4011 badala ya 7400. Nimepokea vijana waliounda kichakataji kizima kwenye Logisim ambao hawakuweza kuwasha LED moja mezani, na tatizo halikuwa uvivu. Hawakuwa wamewahi kukutana na rizista.

Umbali hadi bodi. Ni mrefu, ingawa mazoea ya kuchora sakiti kwa mpangilio yatamsaidia sana baadaye.

Inamfaa nani. Mwanafunzi wa chuo anayejiandaa kwa mtihani, darasa kubwa, na mtu anayependa zaidi muundo wa kompyuta kuliko umeme.

Njia ya tatu: bodi ya FPGA

Vifaa. FPGA ni IC isiyo na kazi maalumu hadi utakapoieleza kwa lugha kama Verilog au VHDL iwe sakiti gani. Kampuni ya Xilinx ilitoa ya kwanza mwaka 1985, na kwa miaka mingi zilikuwa ghali kupita uwezo wa mwanafunzi, lakini siku hizi zipo bodi ndogo za bei ya chini, kama Tang Nano 9K yenye majedwali madogo ya mantiki 8,640, kila moja likiwa na viingizo vinne. Hapa msomaji atafurahi kupiga hesabu: kila taa katika zoezi la stesheni hutegemea swichi nne au pungufu, kwa hiyo zoezi zima linaingia katika majedwali matatu kati ya hayo 8,640. Bodi hizi huagizwa nje, na ikiungua hakuna duka la Tabora la kukimbilia. Kompyuta nayo ni lazima iwe na nguvu ya kutosha na nafasi ya kutosha, kwa kuwa programu za watengenezaji wakubwa zinaweza kuchukua makumi ya gigabaiti, mzigo usiobebeka kwa bando la simu. Kwa FPGA za familia ya iCE40 ipo njia nyepesi ya programu huria, Yosys na Project IceStorm, na hiyo ndiyo ninayopenda kuwaelekeza wenye intaneti haba.

Umeme. USB ya kompyuta inatosha. Tahadhari ni kwamba miguu mingi ya FPGA hizi ni ya volti 3.3, kuiunganisha moja kwa moja na sakiti ya volti 5 kunaweza kuiua.

Kosa linalofundishwa. Ni kosa la wakati. Bodi niliyoitaja ina mapigo milioni 27 kwa sekunde, na mwanafunzi anayetaka LED ibadilike kila nusu sekunde ni lazima ahesabu mapigo 13,500,000, hesabu inayohitaji kaunta ya biti 24. Humo ndimo anapotambua pia kwamba Verilog si programu inayosomwa mstari kwa mstari, bali ni maelezo ya mageti yanayofanya kazi yote kwa pamoja. Aliyetoka kwenye Python huteseka hapa kuliko asiyejua lugha yoyote. Tena kuna kosa la hila linaloonekana hata katika zoezi letu: G inapobadilika kutoka 0 kwenda 1, kinyume chake huchelewa kidogo kuanguka, na kwa muda huo mfupi taa zote mbili za kijani zinaweza kuruhusiwa. Kwenye IC za kawaida ni nanosekunde kumi hivi, na jicho halioni kitu, lakini kumbukumbu ikinasa matokeo wakati huohuo itahifadhi uongo. Tiba yake ni kunasa matokeo kwa pigo la saa baada ya mageti kutulia, na FPGA humfundisha mtu tabia hiyo tangu mwanzo.

Umbali hadi bodi. Kwa ubunifu wa mantiki kubwa ni mfupi. Kwa ubunifu wa bodi yenyewe haujapungua, kwa kuwa bodi imekuja imekamilika.

Inamfaa nani. Aliyekwisha kupita njia ya kwanza au ya pili, mwenye kompyuta nzuri, anayelenga kazi ya uhandisi wa mifumo ya kidijitali. Simshauri mtu aanzie hapa.

Njia ya nne: kubuni na kutengeneza bodi

Vifaa. KiCad, programu ya kuchorea bodi za sakiti, ni ya bure na ilianzishwa na Jean-Pierre Charras mwaka 1992. Mchoro ukishakamilika kuna milango miwili. Wa kwanza ni kuchonga bodi nyumbani: kibao cha shaba, mchoro uliochapwa kwa printa ya leza, pasi, feriki kloraidi (kemikali inayokula shaba) na keekee ya kutobolea ya milimita 0.8. Printa ya wino haifai, kwa sababu kinachogandamana na shaba ni unga wa plastiki wa leza. Steshenari nyingi mjini wanayo mashine hiyo. Pasi ya umeme isiyo na mvuke ni bora, kwani pasi ya mkaa haina joto la kutegemewa. Mlango wa pili ni kutuma faili za Gerber, yaani mchoro wa bodi katika umbo ambalo mashine za kiwanda hulisoma, kwa kiwanda cha nje, mara nyingi China, ambacho kwa kawaida hukubali hata bodi tano tu, kisha kusubiri wiki kadhaa.

Umeme. Wa kompyuta, pasi na pasi ya kuchomelea. Kukatika kwa umeme katikati ya kupiga pasi huharibu kibao, basi ni afadhali kuifanya kazi hiyo saa ambazo umeme umetulia.

Kosa linalofundishwa. Makosa ya hapa ni ya umbo na nafasi, nayo hayafutiki kirahisi. Kubwa kwa wanaoanza ni kuchapa mchoro wa upande wa chini ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo, hivi kwamba mguu wa 1 wa IC unakaa mahali pa mguu wa 14. Programu hukagua umbali kati ya njia za shaba na miunganisho iliyosahaulika, lakini haiwezi kujua kwamba umechagua umbo la kipuri lisilolingana na kile kilicho mkononi mwako. Kwa hiyo chapa mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa halisi na uweke vipuri juu yake kabla ya kuigusa shaba. Kwa bodi za nyumbani njia za upana wa milimita 0.8 husamehe mengi.

Feriki kloraidi nataka niisemee kwa uzito. Huchafua nguo na ngozi, huila aluminiamu, kwa hiyo itumike katika chombo cha plastiki, mahali penye hewa, kwa glavu na miwani, na isimwagwe kamwe karibu na kisima wala shambani, kwa sababu ikishatumika imebeba shaba iliyoyeyuka. Mahali penye watoto ninashauri mlango wa kiwanda.

Umbali hadi bodi. Ndiyo bodi yenyewe.

Inamfaa nani. Fundi anayetaka kuuza kifaa, na mwanafunzi ambaye sakiti yake tayari imefanya kazi kwenye bredibodi.

Kuchagua kulingana na hali

Mhitimu wa kidato cha sita asiye na kompyuta aanze na bredibodi, amalize zoezi la stesheni, kisha aongeze mageti mawili ya kumbukumbu ili ombi la stesheni masta libaki hata kitufe kikiachiwa. Mageti yatakuwa 13, atahitaji IC ya nne, na hapo atakuwa amejua zaidi ya muhula mzima wa nadharia.

Fundi redio wa Ng'ambo au Isevya, ambaye mkono wake umeshazoea risasi ya kuchomelea na mita, hahitaji kukaa sana kwenye bredibodi. Wiki chache zinamtosha, kisha aende KiCad, kwa kuwa kinachomzuia si umeme bali uchoraji.

Mwanafunzi wa chuo aliye nyumbani likizoni na kompyuta yake atumie uigaji asubuhi na bredibodi jioni kwa sakiti ileile, na FPGA aiache hadi arudi chuoni, ambako anaweza kupata bodi na intaneti ya kutosha.

Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 40 na bajeti ya vifaa vya makundi matano atumie uigaji kwa wote, na bredibodi kwa zamu, kundi moja moja, akitoa sakiti ambazo amezivuruga kwa makusudi: waya mmoja uliochomolewa, LED iliyogeuzwa, IC isiyo na kapasita. Alama zitolewe kwa kuandika jinsi kosa lilivyopatikana, si kwa taa kuwaka.

Anayeishi nje ya mji na kutegemea sola yenye betri ya volti 12 ana nafasi ambayo wa mjini hana. IC za familia ya 4000 hukubali volti 3 hadi 15, kwa hiyo anaweza kuziendesha kutoka kwenye betri bila kipunguza volti, mradi aweke fyuzi ndogo kwenye waya wa chanya, kwani betri ya asidi ina mkondo wa kuyeyusha waya wa bredibodi. Zoezi la stesheni litafanya kazi kwa 4011 tatu, akikumbuka kuchora daftarini kwamba mguu wa 4 ni wa kutolea.